Msichome Kichaka cha Nyuma ya Nyumba

Mtu akisafiri mwezi wa nane kwa njia ya kando ya ziwa, kutoka Uvira kwenda Baraka, hana haja ya kuambiwa kwamba mvua inakaribia. Ataiona habari hiyo kwa macho yake. Upande mmoja ziwa Tanganyika lang'aa kama bati jipya; upande wa pili, kwenye mitelemko ya milima ya Mitumba, moshi wapanda hapa na pale tangu asubuhi, na usiku mistari ya moto yatambaa mlimani kama nyoka wekundu. Watu wanatayarisha mashamba. Wala si mashamba ya mlimani tu. Hata vijijini, mwenye kiwanja kilichoota majani nyuma ya nyumba hutia kiberiti, akasimama kando na tawi bichi mkononi ili moto usirukie paa la jirani. Baada ya saa moja kazi imekwisha. Mahali ni peusi, pasafi, hapana nyoka wala panya, na kila apitaye husema: Huyu ni mtu wa kazi.

Nataka kusema neno juu ya moto huo, nalo ni neno la kuupinga. Sisemi juu ya mashamba ya mlimani, maana huko ni habari nyingine, nayo ni ndefu, na mwenye kulima hekta nzima kwa jembe la mkono ana sababu zake. Nasema juu ya uani tu, hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni. Mahali hapo kichaka si adui. Ni ghala, na mwenye kukichoma anachoma akiba yake.

Swima wengi mwaijua, au mmepita hapo ndani ya gari mkisinzia. Ni kijiji cha kando ya ziwa katika Fizi, kati ya Uvira na Baraka, nchi ya Babembe. Watu huishi kwa mihogo, kwa samaki, na kwa michikichi. Udongo wa karibu na maji una mchanga mwingi. Ukimwaga ndoo ya maji, hunywewa kabla hujageuka. Hayo yote ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni jinsi vichaka vya nyuma ya nyumba vilivyopata kuwa virefu hivyo.

Vita vilipofika pwani ile mwaka wa 1996, watu wengi sana wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma, wakapelekwa katika kambi, na iliyo kubwa kati ya hizo ni Nyarugusu, katika nchi ya Kasulu. Mwaka wa 1998 vita vikaanza tena, na wengine wakavuka. Mwaka wa 2005 ndipo meli zilipoanza kuwarudisha watu kwa utaratibu kutoka Kigoma mpaka Baraka, wale waliotaka kurudi wenyewe. Basi hesabu mwenyewe. Kiwanja kilichoachwa miaka tisa, kumi, kumi na moja, katika nchi yenye mvua tangu mwezi wa tisa au wa kumi mpaka wa tano: je, utakuta nini? Utakuta pori.

Na pori katika kijiji ni jambo la hatari kuliko nyoka walio ndani yake. Mahali palipo na majani marefu, watu husema hapana mwenyewe. Leo jirani apitisha kijia. Kesho apanda mashina kumi ya mihogo pembeni. Mwaka wa tatu asema ni pake, wala hasemi uongo moyoni mwake, maana amepalima. Kesi za viwanja baada ya vita zimewatoa watu jasho kuliko safari yenyewe.

Mama yetu alirudi mwaka wa 2007. Baba alikuwa amezikwa huko Kasulu. Nyumba ilikuwa imebaki kichuguu cha udongo, na miembe miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, imesimama kama watu waliosahauliwa. Nyuma palikuwa na kichaka kirefu kuliko mtu. Tulijenga kwanza chumba kimoja mbele, kwa matofali ya udongo, tukakaa humo watu sita. Baba mdogo, yule aliyekuwa amerudi mbele yetu, akaja siku moja jioni, akatazama nyuma, akatikisa kichwa.

"Shemeji," akasema, "kiangazi kinakwisha. Kiberiti kimoja tu, na kesho utalala kama mtu aliye kwake."

Mama hakujibu mara moja. Alikuwa akichambua ndakala kwenye ungo. Kisha akasema, "Shemeji, kule kambini nilikuwa naomba majani makavu kwa watu. Nakwenda na kikapu, nasema, mama, nisaidie uchafu wako. Leo nina uchafu wangu mwenyewe, mlima mzima, nawe wataka nimpe moto?"

Baba mdogo akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Huko Nyarugusu watu wengi mno walikaa mahali pamoja. Kuni zilikuwa shida, na kila kijiti na kila jani kavu lilipata mtu wa kuliokota. Mama alikuwa na bustani kando ya kibanda, ndogo kama mkeka wa kulalia, na udongo wake ulikuwa mwekundu na mgumu kama tofali. Kwa maji ya kuoshea vyombo, majivu ya mafiga na taka za kuomba, alipata humo lengalenga za kutosha sufuria mbili kwa juma. Mtu aliyekaa miaka kumi akihesabu majani moja moja, macho yake hayaoni kichaka kama macho ya wengine.

Nasema haya kwa sababu wengine hudhani kwamba bustani ya namna hii, isiyotiwa mbolea ya dukani wala dawa ya kunyunyiza, ni jambo la wageni wenye vitabu. Hasha. Kweli, wako watu wa vitabu walioieneza. Mwingereza mmoja, Albert Howard, alitumwa India mwaka wa 1905 awafundishe wakulima elimu ya Ulaya, lakini alipotazama jinsi walivyolima akaona inampasa yeye kuwa mwanafunzi wao. Mjini Indore, kati ya 1924 na 1931, alitengeneza utaratibu wa kuozesha majani, samadi, majivu na udongo pamoja, ukageuza lundo mara kadhaa, na kwa muda wa miezi mitatu ukapata mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya msituni. Hiyo twaiita mboji. Katika miaka ya 1930 baadhi ya wenye mashamba ya kahawa ya Kenya na Tanganyika waliufuata utaratibu wake. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka wa 1940. Lakini mama yetu hakupata kusikia jina la Howard; alijifunza kwa mwalimu mwingine, yaani upungufu.

Sasa tuseme kwa nini moto ni hasara. Aliyechoma atakuambia: Mimi nilichoma, na mwaka ule mahindi yangu yalikuwa mazuri. Ni kweli, wala tusimbishie. Majivu yana chumvi za udongo, kama potasiamu na chokaa, nayo mimea huzipata upesi. Lakini nitrojeni, ile inayoyapa majani rangi ya kijani iliyokolea, sehemu yake kubwa huenda na moshi. Ule uozo laini uliokuwa ufunike udongo na kushika maji, nao umekwenda. Na majivu yenyewe ni mepesi: mvua kubwa ya kwanza ikishuka kutoka mlimani, huyachukua mpaka kijitoni, na kijito huyapeleka ziwani. Mahindi ya mwaka wa kwanza ni mazuri, ya mwaka wa pili yapata umanjano, na wa tatu mwenye shamba asema udongo umechoka. Udongo haukuchoka. Uliibiwa.

Na tena liko jambo moja ambalo wengi hawajaliangalia. Moto hauwaui maadui wote sawasawa. Yale majani makali ya kuezekea, yanayokata mikono kama wembe na kutoa maua meupe kama pamba, mizizi yake hulala chini ya udongo, myeupe, yenye ncha kama sindano, hata hupenya kiazi kikatoboka. Moto wapita juu, wao wamelala chini. Siku kumi baadaye wachipuka kwa nguvu mpya, na majirani wao wote wameungua, hawana wa kushindana naye. Basi mwenye kuchoma uani kila mwaka hachomi nyasi hizo, anazifugia.

Mama alianza mwezi wa nane, na kazi yote ikatuchukua hadi mwisho wa mwezi wa kumi, kwa panga, jembe na mikono. Hakukata ovyo. Alitwambia kwanza tujue nani ni nani. Watoto walidhani ni mchezo, lakini naona hapo ndipo penye elimu yote ya bustani, kwa hiyo niruhusuni nikae hapo kidogo.

Waliokuwa wengi kuliko wote ni yale majani marefu yenye maua ya njano kama alizeti ndogo, machungu sana ulimini, ambayo siku hizi yasimama kando ya njia kote Kivu, Burundi, Rwanda na Kenya. Watu wengine huyaita alizeti mwitu. Si wenyeji wa Afrika. Asili yao ni Meksiko na nchi za jirani zake, wakaletwa kwa ajili ya uzuri wa maua, kisha wakatoroka bustanini. Wengi huwaona ni takataka. Walakini katika miaka ya 1990 wataalamu wa kilimo huko magharibi ya Kenya waliyapima majani yao makavu, wakakuta katika sehemu mia, nitrojeni ni karibu sehemu tatu na nusu, na potasiamu ni sehemu nne. Samadi ya ng'ombe wetu mara nyingi haifiki hapo. Na jani lake laoza upesi, si kama majani ya mwembe yanayokaa kama ngozi. Wataalamu wakaona na shida yake: ni kazi kubwa kuyakata na kuyachukua mpaka shamba la mbali. Lakini je, mtu ambaye yameota uani kwake achukue mpaka wapi? Yamejileta yenyewe. Mama alikata matawi laini kabla ya kuchanua, akayatia katika mitaro, akafunika udongo juu. Mashina magumu aliyaweka kwa kuni.

Wa pili ni yale makali niliyoyasema. Hayo hakuyakata, maana kukata ni kumnyoa tu. Tuliyachimba, mizizi yote, tukaianika juu ya mawe juani mpaka ikakauka kama uzi, ndipo ikaenda kwenye lundo. Pale tulipochoka kuchimba, alipanda matembele. Majani yale makali hupenda jua. Ukiyafunika kwa kivuli, yadhoofika. Viazi vitamu vilitambaa juu yao kama blanketi, na kwa muda wa misimu miwili yakapungua mpaka mtoto aliweza kuyang'oa.

Wa tatu, ndago. Kwa ndago sina maneno mazuri. Ukimpiga jembe, unakata mnyororo wa vijitunguu vyake chini, na kila kijitunguu chatoa mche wake. Ulikuwa na mmoja, sasa unao sita. Huyu hung'olewa kwa uvumilivu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na kila juma, na hata hivyo mpaka leo tunaye.

Na katikati ya hao wote zilikuwako lengalenga zilizojipanda zenyewe, na mche wa mpilipili, na mpapai mwembamba uliokuwa ukitafuta jua, na mboga ya maboga iliyopanda juu ya kifusi cha jiko letu la zamani. Nani alizipanda? Labda ndege. Labda ni mbegu za mboga za mama mwenyewe, za mwaka ule tulipokimbia sufuria ikiwa mekoni. Kama tungetia kiberiti, tusingejua.

Sasa nije kwenye jambo lililomfanya hata baba mdogo anyamaze.

Jirani wa upande wa kusini alikuwa amerudi miaka miwili mbele yetu, ana watoto wengi, akaona pori halina mtu, akapanda mihogo kuingia upande wetu hatua kumi hivi. Tulipomwuliza, akasema mpaka ulikuwa hapo hapo sikuzote. Sisi tukasema sivyo. Karatasi hatuna, naye hana. Mzee aliyejua mpaka amekufa. Mambo yakaanza kuwa mabaya. Watoto wakaacha kuchota maji pamoja. Basi siku moja katika kukata kwa panga pole pole, dada yangu akakuta ndani ya mihogo na majani shina la mnyaa, ule mti wa maziwa makali yanayoharibu macho, ambao watu huupanda kwa ua. Lilikuwa limenyongwa na mimea ya kutambaa, karibu kufa. Tukakata mbele, tukakuta la pili. Hatua tatu, la tatu. Mashina kumi na manne kwa mstari mmoja, kama askari, na baina yake mengine yaliyooza. Ulikuwa ua wa baba. Alikuwa ameupanda alipooa.

Mama hakupiga kelele. Alimwita kapita na wazee wawili, na jirani mwenyewe, wakaja wakatembea juu ya mstari ule toka shina la kwanza mpaka la mwisho. Mnyaa haujipangi wenyewe kwa mstari. Jirani alisimama kitambo, akasema, "Mama, sikujua." Nami naamini hakujua, maana aliingia gizani kama sisi. Ndipo mama akasema mihogo ile ni jasho lake, aiache mpaka ikomae, avune, kisha ardhi irudi. Ikakaa mwaka mzima na zaidi. Kapita akaandika katika daftari lake. Moto mkali ungalipita pale mwezi wa nane, sijui mashina yale yaliyokuwa yamedhoofika yangalibaki kusema neno gani.

Baada ya hapo bustani yenyewe ilikwenda haraka, nami sitaisimulia yote. Chini ya mwembe wa nyuma tulitengeneza lundo: tabaka la nyasi kavu, tabaka la majani mabichi, samadi ya mbuzi tuliyopewa na watu wasioihitaji, majivu ya mekoni, udongo kidogo, maji, kisha tena tangu mwanzo, mpaka likafika kifuani. Katikati mama alichomeka mti mrefu. Siku ya tano aliuchomoa, akaushika: ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Hiyo ndiyo alama. Ukitoka baridi na mkavu, lundo lataka maji. Ukitoka baridi na wenye kunuka, lina maji mengi, ligeuze lipate hewa. Hakuna chombo kingine cha kupimia, na hiki hakiuzwi.

Kwa wakati wa mvua alifanya matuta ya kuinuka ili maji yasioze mizizi. Kwa kiangazi alifanya kinyume: vitalu vilivyozama kiganja kimoja chini ya usawa wa ardhi, ili maji ya kuoshea vyombo yasikimbie katika mchanga. Juu yake alitandaza majani makavu, na makapi ya mawese yaliyokwisha kukamuliwa. Hapo ndipo majirani waliponong'ona. Mwanamke gani huyu afagiaye uchafu na kuurudisha uani? Lazima tuwaelewe. Wazee wetu walitusimulia jinsi enzi ya Wabelgiji wakaguzi walivyopita vijijini kutazama usafi, na kiwanja kilichofagiwa mpaka udongo ukang'aa kilikuwa ndiyo ustaarabu. Mbele ya nyumba mama naye hufagia hivyo hivyo kila asubuhi. Lakini udongo wa bustani ukiuacha uchi, jua laukaanga na mvua yauchapa. Naona yafaa tuwe na fagio la mbele, na nyuma tuwe na blanketi.

Wengine walisema: mtaleta mbu na malaria. Hilo nalo ni vizuri kulijibu. Mbu wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotuama, si katika majani makavu. Mchana kweli hupumzika kwenye kivuli, kwa hiyo majani marefu yasiguse ukuta wa nyumba. Lakini mwenye kuogopa mbu aanze kwa kufukia mashimo yanayoshika maji ya mvua. Nimeona viwanja visivyo na jani hata moja, na kando ya mlango pana shimo la kufyatulia matofali limejaa maji mwaka mzima.

Wadudu waharibifu walikuja, maana nao hula. Kwa vidukari na viwavi mama alitumia majivu, na pengine maji ya majani ya utupa yaliyotwangwa na kulowekwa usiku mmoja. Utupa mnaujua, ni ule ule ambao wavuvi wabaya hutia majini kulevya samaki, na serikali huukataza. Kinachomlevya samaki ndicho kinachomwua kiwavi. Kwa hiyo yataka akili: kipondeo na chombo chake visitumike kwa chakula, na maji ya kuvisuuzia yasimwagwe kijitoni. Usinyunyize leo na kuchuma kesho. Mimi ningependa tusiutumie kabisa, ila mama asema aliyelala njaa ndiye wa kuulizwa.

Maadui wakubwa kwa kweli walikuwa mbuzi na kuku wa watu. Hapo palitaka ua wa matete na, naongeza, maneno ya upole kila juma.

Sasa wengine mtauliza faida. Sitawapa hesabu ya fedha, maana mama hakuandika, na wanaoandika hesabu za bustani mara nyingi huongeza. Nitasema hili tu. Katika pwani yetu imekuwapo miaka ambayo shamba la mlimani halikufikika. Mtu anasikia risasi, au anasikia habari ya risasi, na wanawake hawapandi. Mihogo imekomaa huko juu na hapana wa kuichimba, na ukienda peke yako alfajiri hujui utarudi vipi. Katika miaka hiyo sokoni mboga huwa ghali. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na lengalenga, matembele, sombe ya mihogo michache ya ua, nyanya ndogo, maboga, vitunguu vya majani. Si shibe kamili. Mtu hashibi mboga. Lakini ugali wenye lengalenga, mawese na ndakala wachache si sawa na ugali wenye chumvi, na mtoto mdogo ndiye anayetofautisha kwanza. Dada yangu hakulazimika kupanda mlimani siku ile ambayo wengine walipanda wakakimbizwa. Mimi kwangu hiyo yatosha kuwa hesabu.

Mwaka wa 2015 Warundi walianza kuvuka kuja kwetu, wakakimbia kama sisi tulivyokimbia, wakawekwa Lusenda, nako ni Fizi vilevile. Mama alikwenda huko na dada yangu, na kikapu cha mbegu za lengalenga na vipando vya matembele. Waliporudi alisema udongo wa huko si mbaya, ila watu wameanza kufagia kila jani kwa ajili ya moto. Alisema hivyo kama mtu anayetaja ugonjwa alioupona.

Tangu mwaka wa 2020 ziwa lenyewe likaanza kupanda. Mmesikia: Uvira, Baraka, hata ng'ambo Bujumbura, maji yaliingia katika nyumba na mashamba ya pwani, na mahali pengine hayakutoka. Kwetu walio chini ya barabara walianza kutafuta mahali juu. Jamaa moja ya wavuvi, mume, mke na watoto watano, wakaja kwa mama. Hawakuwa ndugu zetu. Nyumba yao ilikuwa imesimama majini mpaka madirishani. Waliomba mahali pa kuweka turubali kwa mwezi mmoja.

Sisi watoto tulikaa kikao. Mahali pekee palipobaki ni bustani, na sehemu nzuri kuliko zote, ile ya vitalu vilivyozama, yenye udongo mweusi wa miaka kumi na mitatu. Kaka mkubwa alikataa waziwazi. Nami sikusema neno, kwa maana nilikuwa nawaza kama yeye. Mama akauliza swali moja tu: Kama udongo huu ulitengenezwa kwa taka, si utatengenezwa tena? Kisha akatuma tuchukue majembe.

Kabla ya turubali kusimamishwa, tulichota udongo ule mweusi kwa ndoo, kiganja kizima kwenda chini, tukauhamishia upande wa kusini, kando ya ua wa mnyaa, pale ilipokuwa mihogo ya jirani. Jirani mwenyewe alikuja na wanawe, wakabeba. Mwezi mmoja umekuwa miaka, na turubali limekuwa nyumba ya udongo yenye mlango. Mke wa mvuvi hakuwa mtu wa bustani, lakini kila asubuhi huleta matumbo na magamba ya samaki katika bakuli, nayo hufukiwa katikati ya lundo, chini kabisa, paka wasiyafikie. Mama asema tangu magamba yaanze kuingia, ule mti wa kupimia hutoka wa moto zaidi, na hauwezi kuushika mpaka uhesabu kumi.